Barua kwa wazazi: mwisho wa muhula wa kwanza

Lubumbashi, Desemba

Papa na mama, wazazi na walezi wetu wapendwa,

Pokeeni salamu za shule kutoka kwangu, prefe, yaani mkuu wa shule. Buletini, yaani ripoti za alama za watoto, zitatolewa Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi. Anayekuja kuichukua ni mzazi, si mtoto wala jirani.

Nianze na furaha, maana imenijaa. Waliokuwa uani siku ya maonyesho wameona kwa macho yao, waliokosa niwasimulie. Mvua zilipoanza mwezi wa Novemba, wanafunzi wa mwaka wa nane walikata chupa za plastiki, wakageuza shingo ya chupa iwe ya kupokelea maji, wakabandika rula ubavuni. Kila asubuhi saa moja na robo wanapima mvua ya usiku na kuandika kwenye kaye (daftari) ya darasa. Shule haikutoa hata faranga moja.

Wiki ya pili binti mmoja akauliza: "Mwalimu, milimita moja ni maji kiasi gani?" Mwalimu hakumjibu. Alichukua chaki, akachora sakafuni mraba wa mita moja kwa mita moja, akawaachia kazi. Nilisimama dirishani nikisikiliza. Walibishana karibu saa nzima mpaka wakafika wenyewe: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kuanzia hapo hakuna aliyewazuia. Walitoka na kamba kupima paa. Mmoja alitaka kupanda juu, mwenzake akamwambia haina haja, mvua inaanguka kutoka juu, pima jengo hapa chini. Mita 30 kwa 8. Mvua ya usiku uliotangulia ilikuwa milimita 22. Wakazidisha: lita 5,280, zote zimetoka paani kwetu zikaenda kuchimba korongo mbele ya geti, na watoto haohao kila Jumatatu wanabeba bido (madumu) za maji kutoka nyumbani ili tuoshe vyoo!

Siku ya maonyesho walikuwa wamefunga kipande cha mfereji wa bati cha mita 5 upande mmoja wa paa, na pipa la lita 200 chini yake. Ubaoni waliandika: mvua ikifika milimita 10, pipa litajaa. Saa nane mchana mvua ikaja. Pipa lilijaa mbele yenu, chupa ikisoma 11. Nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kuona watoto wakipiga kelele za namna ile kwa ajili ya hesabu.

Sasa nawajibu wazazi waliokuja ofisini kulalamika kwamba kaye za watoto hazijai kama zamani. Ni kweli, hazijai. Tumepunguza kuandikisha kurasa na kurasa kutoka ubaoni. Programu ya taifa ya hesabu na sayansi kwa mwaka wa saba na wa nane inamtaka mwalimu aanze somo kwa jambo la maisha ambalo mtoto analifahamu, ndipo afike kwenye kanuni. Mmeniuliza pia kuhusu Egzeta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Mtoto aliyekariri kanuni bila kuielewa anapotea pale swali linapobadilisha namba. Msiniombe nirudi kwenye kukariri. Mtoto akirudi nyumbani, msihesabu kurasa. Mwambieni awaeleze alichojifunza, na asipoweza kueleza, hapo mje mnione.

Vyoo vya wasichana vimekarabatiwa. Sare ni ileile, nyeupe na bluu.

Nina jambo lililoniuma. Kikundi cha wanafunzi watano kilikuwa na zamu ya kupima mvua kwa wiki nzima. Kaye yao ilikuwa safi, siku saba, wino mmoja: Alhamisi milimita 4, Ijumaa 11, Jumamosi 7. Lakini chupa ilipasuka Jumatano, na sentineli, mlinzi wetu, aliiweka kibandani kwake hadi Jumatatu. Hakuna mvua iliyoingia humo. Namba zote hizo zilitungwa jioni moja. Tuliwasimamisha siku tatu. Mzazi mmoja akaja kuniambia kwa sauti kubwa: "Prefe, ni namba tu za mvua, hajaiba pesa." Nasema hapana. Wenzao walikuwa wanajumlisha mvua ya mwezi, na hesabu yao yote imeharibika kwa sababu ya jioni hiyo moja. Leo ni mvua. Kesho mtoto huyo ni nesi anayeandika homa ya mgonjwa ambaye hakumpima. Adhabu inabaki. Mwezi wa Januari wote watano watapima kila asubuhi, na mzazi atatia sahihi kila Ijumaa. Mzazi ambaye hatatia sahihi nitamwita.

Kukosa darasa: Jumatatu na Ijumaa madarasa mengine yanabaki nusu. Kilio cha familia tunakielewa, tuleteeni taarifa. Lakini mtoto anayebakizwa nyumbani kulinda meza ya sokoni, au anayepelekwa kuokota mawe ya mukuba (shaba), anaibiwa na watu wake mwenyewe. Kuanzia Januari, siku tatu bila barua, mtoto haingii mpaka mzazi amlete kwa mkono.

Minervali, yaani karo ya shule. Muhula umeisha na zaidi ya theluthi moja ya familia hazijakamilisha malipo, baadhi hazijaleta hata sehemu. Walimu hawa mliowapigia makofi uani wanapanga nyumba na wana watoto. Anayepitia shida ya kweli aje tuzungumze, tutagawa malipo kwa awamu. Wapo waliokuja na hakuna aliyefukuzwa. Ninaowasema ni wale wanaopita mbali na ofisi, wasiopokea simu, kisha tunaonana kwenye sherehe. Mwisho ni tarehe 15 Januari. Baada ya hapo jina la mtoto haliingii kwenye orodha ya mitihani ya muhula wa pili.

Tunarudi Jumatatu ya kwanza baada ya mwaka mpya. Watoto wa mwaka wa nane wanataka kuzungushia paa lote mfereji kabla mvua hazijaisha mwezi wa Machi. Wanahitaji mapipa manne na bati. Mwenye pipa kuukuu lisilovuja, ambalo halikuwekwa mafuta wala dawa, amwachie sentineli getini.

Noeli njema kwenu na kwa watoto.

Prefe wa masomo