Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mikono haifundishwi kwa slaidi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mwanafiziotherapia katika hospitali ya umma huku Pwani ya Kenya. Ombi langu linahusu mafunzo endelevu, yale tunayokusanyia alama ili leseni zetu zihuishwe. Pale mafunzo hayo yanapohusu tiba ya mikono, yaani kutibu viungo kwa kuvishika, kuvibonyeza na kuvijongeza kwa mikono yetu, naomba yafanyike kwa mikono, mbele ya mgonjwa, katika hospitali tunazofanyia kazi.

Sheria ya Wanafiziotherapia ya 2014 ndiyo iliyotuletea Baraza letu, na sitaki barua hii isomwe kama mashtaka dhidi yake. Kudai tusome kila mwaka ni haki ya mgonjwa. Kinachonikera ni kinachouzwa kwa jina la kusoma. Nimewahi kulipia kozi ya wikendi kuhusu uti wa mgongo, nikapanda basi la usiku hadi Nairobi, nikaketi ukumbini na umati wa wenzangu kumtazama mtu mmoja akimbonyeza mwenziwe mgongo jukwaani. Waliokaa nyuma walitazama skrini. Chai ilikuwa nzuri. Jumapili jioni kila mtu alipewa cheti, na hakuna aliyeambiwa aweke mkono wake ili mkufunzi amkosoe.

Labda utauliza kuna ubaya gani. Chukua mbinu za Geoffrey Maitland wa Australia, za kukijongeza kiungo kwa madaraja, ambazo mwanafunzi yeyote wa fiziotherapia amezisikia. Daraja la kwanza unakitikisa kiungo kidogo tu, mwanzoni mwa mwendo wake, kutuliza maumivu. La pili mwendo ni mpana, lakini haujagusa ukinzani. La tatu na la nne unafika pale kiungo kinapogoma, kwa mgonjwa aliyekakamaa. Sasa, mpaka kati ya la pili na la tatu hauonekani kwa macho hata ukikaa mstari wa mbele. Unausikia vidoleni, na ili uusikie lazima awepo mtu anayeujua, mkono wake juu ya wako, akwambie: hapa, simama. Ndivyo ilivyo pia kwa mbinu za Brian Mulligan wa New Zealand, ambapo wewe unakishikilia kiungo huku mgonjwa mwenyewe akijongea, na hapaswi kuumia. Akiumia, huenda umekosea upande au pembe kwa kiasi kidogo sana, na kuirekebisha pembe hiyo hakuna slaidi inayokufundisha.

Wanaokuja kwetu unawajua. Abiria wa boda boda aliyetolewa plasta na kifundo cha mkono hakikunjiki. Mama mwenye kisukari ambaye bega limeganda, hata kujitanda leso hawezi. Mchimba mawe wa timbo aliyeinama miaka mingi. Wengi wao wameshapitia kwa mchuaji wa mtaani kabla ya kufika kwetu, na nikiri kwamba baadhi ya wachuaji hao wana mikono hodari kutushinda. Tunachopaswa kuwazidi ni kujua wakati wa kutogusa. Maumivu ya mgongo yanayomwamsha mtu usiku, akipungua mwili na kupata homa za jioni, yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na mgongo huo haubonyezwi, unatafutiwa vipimo. Aliyekufa ganzi mapajani kwa ndani na hawezi kuzuia mkojo ni wa daktari wa upasuaji, leo, si kesho. Na shingo isiguswe kwa nguvu kabla ya kuuliza juu ya kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, au kuumwa kichwa kusikokuwa kwa kawaida, kwa sababu mishipa miwili inayopeleka damu ubongoni inapita ndani ya mifupa ile ile ya shingo. Wagonjwa wengine hudai wasikie mlio wa kiungo ndipo waamini wametibiwa. Mtaalamu aliyejifunzia jukwaani atawapa mlio.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima. Haukupendekeza mashine za kuvuta mgongo, wala za mawimbi ya sauti, wala mikanda ya kiuno. Ulipendekeza, kwa tahadhari kwa kuwa ushahidi wenyewe si mzito, mazoezi yaliyopangwa, elimu kwa mgonjwa, tiba ya mikono ya uti wa mgongo na kukanda. Sisemi mikono peke yake inaponya. Bila mazoezi nyumbani, nafuu ya kitanda cha tiba huisha haraka. Ila najua kwamba fedha za mashine hupatikana upesi kuliko za kufunza watu, maana mashine huzinduliwa na kupigwa picha.

Afya imegatuliwa, na waajiri wetu ni kaunti 47, kwa hiyo najua huwezi kuamuru kila kitu. Lakini unakutana na magavana, na unazungumza na Baraza. Patafutwe wataalamu wachache waliobobea, wazunguke hospitali za rufaa za kaunti, wakae wiki nzima na kikundi kidogo, watibu pamoja wagonjwa walio kwenye foleni, kisha warudi baada ya miezi kadhaa kutupa mtihani wa vitendo. Alama zitolewe kwa kufaulu. Afrika Kusini wana kozi ya tiba ya mikono ya namna hii: wanaosoma wako kazini, huendelea kwa miezi mingi, na mwishowe mikono yao hutahiniwa.

Kuna sababu nyingine ya kumleta mkufunzi huku badala ya kutuita huko. Wenzetu wengine wako peke yao kituoni. Akisafiri wiki moja, mlango wa fiziotherapia unafungwa, na mgonjwa wa kiharusi aliyeanza kusimama anakaa tena. Ruhusa ya kusoma kwake ni maneno ya karatasini, na nauli ya Nairobi anajilipia.

Tarehe 8 Septemba ni Siku ya Fiziotherapia Duniani. Itumie kutangaza kaunti ya kwanza kufanyiwa majaribio. Hapa kwetu chumba tunacho, vitanda vya tiba vipo, na foleni huanza saa mbili kamili asubuhi.

Wako mtiifu,
Mwanafiziotherapia, Pwani