Tupeni ufunguo wa lango, hotuba tumeshiba

Mhariri,

Mara ya mwisho nilipoiandikia safu hii ilikuwa kuhusu choo cha soko letu, na kwa kuwa choo chenyewe kilijengwa miaka minne baadaye, bila shaka kwa sababu nyingine kabisa, niliamua kunyamaza. Nimenyamaza hadi Jumatano iliyopita, mlipochapisha ile taarifa ya warsha ya siku mbili iliyofanyika hotelini, ambako wakubwa walikubaliana kwamba michezo huwaepusha vijana na uhalifu, hujenga afya na kuunganisha jamii. Mnaikumbuka: picha yake ilionyesha watu kumi na mmoja wenye suti, wamesimama nyuma ya mpira ambao, kwa jinsi ulivyong'aa, haukuwa umewahi kupigwa teke.

Sina ugomvi na walichokubaliana. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo nimewafunza kandanda watoto wa chini ya miaka kumi na minne hapa mtaani kwetu, Eastlands, Nairobi, kwa hiyo kuniarifu kwamba michezo humfaa kijana ni kama kumwarifu mvuvi kwamba samaki huishi majini. Kinachoniudhi ni kwamba warsha nzima, kama mlivyoiripoti, haikuuliza hata mara moja viwanja viko wapi na nani anashika funguo zake.

Uwanja wetu ulikuwa wa vumbi, na wakati wa masika ulikuwa wa matope. Mbuzi waliukatiza, wahubiri waliutumia Jumapili, na magoli yake yalikuwa ya miti iliyopinda, lakini ulikuwa wazi pande zote nne na mtoto aliingia kwa miguu yake bila kumwomba mtu ruhusa. Miaka michache iliyopita ukajaliwa bahati, au tulidhani ni bahati: ukatandikwa nyasi bandia, ukawekewa taa, ukazungushiwa ua wa nyaya na kufungiwa lango la chuma. Utepe ukakatwa, watoto wetu wakaimba. Wiki iliyofuata lango likatiwa kufuli, na tangu hapo asiyelipa ada ya saa haingii, isipokuwa awe ameandika barua wiki mbili kabla na barua hiyo ikapigwa muhuri katika ofisi ambayo sitaitaja, kwa kuwa bado nitahitaji muhuri wake.

Jumamosi moja ya likizo ya Aprili tulikuwa na barua hiyo, imepigwa muhuri. Ilikuwa fainali kati ya timu mbili za mitaa jirani, na watoto walikuwa wamechanga shilingi ishirini ishirini kwa majuma kadhaa hadi tukanunua mpira mpya wa shilingi 1,800. Saa mbili kasoro asubuhi walikuwa langoni wote, jezi zimefuliwa, wengine wamevaa njumu za kuazima zilizowazidi saizi mbili. Kufuli lilikuwa limening'inia. Askari aliisoma barua yangu, akaigeuza nyuma kana kwamba huko kulikuwa na habari zaidi, kisha akasema, "Mzee, ufunguo uko na mkubwa, na mkubwa amekwenda mazishini nyumbani." Simu ya mkubwa ilikuwa imezimwa, nasi kwa heshima ya marehemu tukakubali kungoja. Ilipofika saa tano yakaja magari sita, wakashuka watu wazima wenye vitambi vyao na mifuko ya michezo, mmoja wao akapiga simu isiyozidi nusu dakika, na ule ufunguo uliokuwa mazishini ukafufuka kutoka mfuko wa suruali wa askari yule yule. Sikuamini macho yangu. Nilimwonyesha barua tena, nikamwonyesha muhuri, nikamwonyesha watoto ishirini na wanane waliokaa juu ya mawe tangu asubuhi, naye akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi, kwamba wale wazee wamelipia, na sisi barua yetu ni ya bure, kwa hiyo tungoje wamalize. Walicheza taratibu sana wale mabwana, wakipumzika kila baada ya dakika kumi, huku watoto wamebandika nyuso kwenye nyaya wakiwahesabia makosa. Tulingoja hadi saa saba. Shirika la Afya Duniani, ambalo nina hakika lilitajwa hotelini, linapendekeza mtoto wa kati ya miaka 5 na 17 apate angalau dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kumtoa jasho. Watoto wetu walipata dakika 300 za kukaa, na jasho walilipata pia, maana hapakuwa na kivuli.

Fainali ilichezwa barabarani, karibu na gereji. Dakika ya tisa mpira uliingia chini ya lori.

Mlinda lango wetu ni mvulana wa gredi ya nane ambaye mama yake hufanya kazi ya usiku na kulala mchana. Kwa miaka miwili niliweza kumwambia mama huyo, bila kubahatisha, mwanawe alipo kila siku saa kumi jioni. Jumamosi ile nilimkuta saa kumi katika chumba cha pool, bado amevaa jezi namba moja, akiwasomea vijana wakubwa mikeka yao ya kamari kwa kuwa anajua majina ya timu za Ulaya kuliko wao. Walikuwa wakimlipa soda. Sikuwa na la kumkemea. Lango lilikuwa limemshinda tangu asubuhi.

Hapo ndipo wataalamu wetu hupitia haraka. Wakitaja faida ya michezo, huruka moja kwa moja hadi kwa McDonald Mariga, aliyekuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa 2010, au kwa ndugu yake Victor Wanyama, aliyeifungia Celtic dhidi ya Barcelona mwaka 2012, kana kwamba kila mtoto anayekimbilia mpira yuko njiani kwenda Ulaya na asipofika amepoteza muda. Sijawahi kumpeleka hata mmoja Ulaya. Niliowapeleka ni fundi bomba, dereva wa matatu asiyetukana abiria, na muuguzi mmoja ambaye alikuwa beki mkali kuliko wavulana wote. Waliondoka uwanjani wakijua kufika kwa wakati, kushindwa bila kurusha mawe, na kumkubali refa hata anapokosea, jambo ambalo viongozi wetu wengi bado linawatatiza kila baada ya uchaguzi.

Anayetaka kuona jamii ikinufaika aangalie Mathare, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Chama cha michezo cha vijana cha huko, MYSA, kilianzishwa 1987 na Mkanada Bob Munro, mahali ambapo takataka zilikuwa nyingi kuliko nafasi ya kuchezea. Hawakungoja nyasi bandia. Timu iliyotaka kucheza ilipaswa kuzoa taka na kuzibua mitaro, na kazi hiyo ikahesabiwa kuwa alama kwenye jedwali la ligi, pamoja na alama za ushindi. Mtoto aliyezibua mtaro kwa mikono yake ili timu ipande jedwalini hamwachi mtu mzima autupie mfuko wa taka akapita hivi hivi. Kutokana na juhudi hizo ilizaliwa timu ya Mathare United mwaka 1994, ikawa bingwa wa ligi kuu 2008, mwaka ule ule ulioanza kwa vurugu za baada ya uchaguzi. Katika wiki hizo mbaya, hapa kwetu watu wazima waliogopa kuvuka barabara kununua maziwa. Watoto ndio waliotangulia kuvuka, kwa kuwa upande wa pili kulikuwa na wenzao na mechi iliyokatizwa Desemba. Mama zao wakawafuata kuwaita, na wakiwa kule wakasalimiana. Uwanja ungekuwa na kufuli siku hizo, sijui wangekutania wapi.

Wasichana ndio walioumizwa zaidi na lango hili. Zamani walikuwa na pembe yao ya netiboli, upande wa kina mama wauza sukuma wiki, na hakuna aliyewasumbua. Sasa jioni zote zimeuzwa kwa wanaume wenye pesa, na saa wanazobakishiwa ni za usiku chini ya taa, ambazo hakuna mzazi wa Eastlands mwenye akili timamu atakayemtoa bintiye nje.

Na ninyi pia, Mhariri, sitawaacha. Taarifa ile ya kuwaokoa vijana mliichapisha juu, na chini yake mkaweka tangazo la kamari lenye upana wa nusu ukurasa. Nilipokasirika nilikwenda kuisoma Katiba ya 2010 nione wajibu wa kaunti, nikakuta katika Jedwali la Nne kwamba viwanja na shughuli za michezo ni kazi ya kaunti kweli. Lakini katika orodha hiyo hiyo ya burudani kitu cha kwanza kutajwa ni kamari na kasino, kisha mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema, video, maktaba na makumbusho, ndipo michezo ikafuata. Nadhani mkubwa wetu anaisoma orodha kuanzia juu na huwa anachoka kabla ya kufika.

Siombi uwanja mwingine. Uwanja wa Talanta hapa Nairobi ulipangwa uwe na nafasi za watu 60,000 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, nasi tutakwenda kushangilia. Ninachoomba ni funguo tatu zichongwe, kazi ambayo fundi wa stejini huifanya kwa dakika tano. Wa kwanza apewe mama wa mandazi anayekaa mkabala na lango, ambaye yuko pale tangu saa kumi na moja alfajiri na hajawahi kwenda mazishini bila kutuachia habari. Wa pili apewe mwadhini wa msikiti wa karibu, anayeamka kabla yetu sote. Wa tatu abaki nao mkubwa, asijisikie vibaya. Kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi hadi adhuhuri, asiyefikisha miaka kumi na minane aingie bila ada wala muhuri. Jumanne na Alhamisi ziwe za wasichana. Wenye magari wanunue saa zilizobaki, na pesa zao zinunue mipira. Warsha ijayo nayo ifanyikie pale pale uwanjani, mwezi wa Februari, saa saba mchana, washiriki wakiwa wamevua viatu, ili wajue nyasi bandia hupata joto kiasi gani na kwa nini tunaililia asubuhi.

Kama mnadhani natia chumvi, mtumeni mwandishi wenu Jumamosi yoyote saa mbili asubuhi. Asijitambulishe na asipige simu. Alisukume tu lango.

Mwalimu mstaafu,
Eastlands, Nairobi