Mhariri, lifute neno "ghafla"

Mhariri,

Mimi ni nahodha wa boti hapa Kizingitini, kisiwa cha Pate. Huu ni mwaka wa thelathini na moja nabeba abiria, samaki, saruji na wagonjwa. Gazeti lako hulipata Lamu mjini, aghalabu la jana, nikalisoma gatini huku nangoja watu wajae. Huanzia matangazo ya vifo. Ni tabia ya uzee, niwie radhi. Humo mna neno moja linaloniudhi: "amefariki ghafla". Huniudhi zaidi likiandikwa kwa mama aliyeacha mtoto wa kunyonya.

Binti yangu ni mwalimu. Juzi alikuwa akinisomea maisha ya Abraham Lincoln, yule rais wa Marekani. Mimi nilitaka nisikie ya vita na ya watumwa, yeye akakwama kwa mamake. Nancy Hanks Lincoln alifariki Oktoba 5, 1818 huko Indiana, kwenye kijito kiitwacho Little Pigeon Creek. Alikuwa na miaka 34. Aliacha binti wa miaka 11, Sarah, na Abraham wa miaka 9. Walikuwa wamehamia msitu ule miaka miwili tu nyuma, wakitoka Kentucky. Nikasema, "Maskini, ghafla hivyo!" Binti yangu akanitazama. "Baba, yapata siku saba alilala mgonjwa."

Kilichomuua ni maziwa. Majira ya nyasi kukauka, ng'ombe wa wale wahamiaji waliingia kivulini msituni wakala gugu lenye vijiua vyeupe. Ng'ombe hutetemeka, lakini akikamuliwa maziwa hayaonyeshi lolote. Anayeyanywa huishiwa nguvu, hutapika, pumzi humnuka, mwisho hupoteza fahamu. Msimu ule ule, kabla ya Nancy, walikwisha kuzikwa jamaa zake wawili, mume na mke. Kwa hiyo ilikuwa nyumba moja baada ya nyingine, na bado watu wakaendelea kunywa. Waliuita ugonjwa wa maziwa, kwa maana kwamba mlango yalioingilia mauti waliujua. Gugu lenyewe hawakulijua.

Hapa bara, nyuma ya Mokowe, mchungaji wa Kiorma atakuonyesha jani ambalo ng'ombe wake hataligusa yeye akiwapo. Kule nako, husimuliwa Illinois kuwa mkunga mmoja, Anna Bixby, alionyeshwa gugu lile na bibi wa kabila la Washawnee, wenyeji wa ardhi. Akamlisha ndama, ndama akatetemeka. Madaktari hawakumjali. Mwaka 1928 ndipo mkemia wa serikali ya Marekani alipoitaja sumu iliyomo. Hesabu mwenyewe, miaka 110 tangu Nancy azikwe. Jeneza alilichonga mumewe, na husemwa vigingi vyake alivichonga yule mtoto wa miaka tisa.

Lakini aliyenikaa moyoni ni Sarah, yule dada. Naye aliolewa, akafa kwa uzazi Januari 20, 1828, hajatimiza miaka 21. Mtoto alizaliwa mfu. Lincoln aliwalaumu wakwe za dadake kwamba walichelewa kumwita daktari. Binti yangu alipofika hapo nilimwambia afunge kitabu.

Kwa sababu mwaka jana, mwezi wa Julai, nilimbeba mpwa wangu. Alijifungua salama baada ya isha, mtoto wa tatu, mwanamume. Kisha damu ikakataa kukatika. Boti ya wagonjwa ya ofisi ambayo sitaitaja ilikuwapo, imefungwa gatini, haina mafuta. Nikatafuta petroli kwa wavuvi, dumu hili na lile, tukang'oa saa tano usiku kuelekea hospitalini Lamu. Nilikuwa na mkunga, mamake na mumewe.

Wasomaji wa Nairobi pengine hawajui Mkanda. Ni mkono mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku, na maji yakipwa pana matope. Ilikuwa usiku wa mwezi kumi na saba. Tulifika mlangoni saa saba na maji yamekauka kabisa. Njia ya pili ni kuzunguka nje ya Manda, uingilie Shela, na kusi ilikuwa ikivuma tangu asubuhi. Boti yangu ni ya futi ishirini na tatu. Nikasema tungoje.

Yeye alikuwa amelala juu ya magodoro mawili, kichwa mapajani mwa mamake. Kila baada ya muda akiniuliza, "Mjomba, maji yashajaa?" Nami nikimjibu, "Yaja, mwanangu." Nilikuwa nikichoma upondo matopeni kupima. Baadaye akawa haniulizi tena, anayeuliza ni mkunga.

Tangazo lilitoka siku ya tatu, limeandikwa na jamaa wa mjini mwenye mwandiko mzuri: amefariki ghafla. Ofisi yenye boti ilituma rambirambi zenye neno lilo hilo. Hakuna aliyekuja kuniuliza mimi kwa nini sikupita nje. Nilikuwa tayari kujibu. Bado niko tayari, ingawa jibu langu hubadilika kila usiku.

Ombi langu ni dogo, Mhariri. Mtu akikuletea tangazo la mama aliyekufa kwa uzazi, muulize saa. Alianza kuumwa saa ngapi, aliondoka nyumbani saa ngapi, alifika wapi. Mistari miwili inatosha, na kama ni suala la pesa ya nafasi, wa kwetu nitawalipia mimi. Na lile la mpwa wangu, kama kuna njia ya kulisahihisha hata sasa, liandikwe hivi: Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alianza kutokwa na damu saa tatu usiku, Kizingitini. Alifariki saa tisa u nusu mlangoni mwa Mkanda, akingoja maji. Maji yalitosha boti kupita saa kumi.

Nahodha,
Kizingitini, Lamu