Wa darasa la nne wasome nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana mwaka ndo huo unaisha na kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu, nalo ni vitabu vya watoto. Mwaka huu hapa nyumbani Morogoro jioni tukishakula tunasoma hadithi, mimi na wanangu na watoto wa jirani wanaokuja kukaa barazani, na sisemi vitabu vya shule, hapana, hadithi tu za kusoma kwa raha. Nimeona mengi na lililoniuma kuliko yote ni kwamba mtoto akishajua kusoma vizuri ndo tunamwacha njiani.

Iko hivi. Wa darasa la kwanza na la pili wana vitabu. Sio vingi kihivyo ila vipo, vile vyembamba vya picha kubwa na sentensi mbili tatu kila ukurasa, kwa sababu toka KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) itiliwe mkazo kila anayetaka kusaidia anawaangalia hao wadogo. Hata mtandaoni vipo, kuna African Storybook ilianzia Afrika Kusini 2014, hadithi zao ni bure, za Kiswahili zipo kibao na leseni inaruhusu kuprinti, kwa hiyo mi naenda steshenari na flashi yangu, naprinti, nabana na stepla, kesho yake tunasoma. Sasa njoo kwa huyu wa miaka kumi. Hivyo vyembamba anakimaliza kimoja kabla hujaosha vyombo anakuuliza mama kingine kiko wapi, na ukiingia duka la vitabu unakuta vya kiada, mitihani iliyopita na majibu yake, vitabu vya dini, vitabu vya kutafuta utajiri, na riwaya za watu wazima ambazo mtoto huwezi kumpa. Cha kwake hakuna. Pale Posta Dar wanapotandaza vitabu vya mtumba chini unaweza kupata vya umri huo, vizuri tu, ila ni vya Kiingereza, vina theluji na mbwa anayelala kitandani. Hata ile Tuzo ya Burt iliyoletwa hapa nchini kwa ajili ya vitabu vya vijana ilikuwa ya vitabu vya Kiingereza. Sikatai, Kiingereza watakihitaji sekondari, lakini mtoto anayeota kwa Kiswahili anatakiwa apate pia kitabu kinene cha Kiswahili cha kulala nacho.

Sisemi kwamba hakuna waliofanya kazi. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania upo toka 1991, walikuwa wananunua sehemu ya nakala kwa mchapishaji na kuzipeleka shuleni, na mwaka huohuo wa 1991 ndo mzee Walter Bgoya alianzisha kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota, na hao nao wametoa vya watoto vyenye michoro ya kupendeza kweli. Tuna mchoraji kama John Kilaka, wanyama wake wa rangi kali za mtindo wa uchoraji wa Tingatinga wanasomwa na watoto wa Uswisi kwa Kijerumani! Kwa hiyo mikono ipo, vipaji vipo, shida ni kwamba mzazi wa Morogoro au Singida akitaka kununua kitabu anakuta njia ya kumfikia haipo, vingi vimeenda shuleni na huko shuleni vingine viko kabatini vimefungiwa visichafuke.

Kuna kitu kingine naomba waandishi wanisikilize kwa upendo tu. Yale maswali ya mwisho. Hadithi ya Sungura na Fisi imenoga, watoto wamecheka mpaka wamelala chini, mmoja anauliza hivi mbona Fisi kila siku anadanganywa na hajifunzi, swali zuri kabisa hilo na tukalijadili mpaka taa ikazimwa, halafu ukifunua ukurasa wa mwisho, "hadithi hii inatufundisha nini, taja mambo matatu". Nyuso zote zinabadilika maana hiyo tayari ni mtihani. Na mada pia, naelewa mfadhili anataka watoto wanawe mikono na walale kwenye chandarua, ila sio kila kitabu mhusika augue malaria. Watoto wanataka safari, wanataka hatari, wanataka mtoto mwenzao anayefanya jambo kubwa wakati wakubwa hawapo.

Mwezi wa tisa nilijaribu kitu ambacho nilidhani kitawashinda, niliwasomea Adili na Nduguze ya marehemu Shaaban Robert, kimetoka 1952 hicho na Kiswahili chake sio cha mtaani, maneno mengine ilibidi nisimame niwaeleze. Walikaa kimya! Wale manyani wawili wanaochapwa na Adili kila usiku bila mtu kujua sababu waliwatesa sana, na walipojua kumbe ni ndugu zake wa damu yule wangu wa darasa la nne akakataa kwenda kulala mpaka nimalize kusimulia yaliyowapata. Kwa hiyo mtu asije kuniambia watoto wa siku hizi hawawezi hadithi ndefu kwa ajili ya simu na katuni.

Mwaka unaokuja nimepanga hivi. Hadithi ndefu moja kila muhula, sura moja moja kwa sauti. Likizo ya Pasaka twende Matombo kwa bibi yao, watoto wenyewe wamrekodi kwa simu akisimulia zile za Waluguru halafu waziandike na kuzichora. Na sanduku la kubadilishana vitabu tumeshakubaliana na dada wa saluni hapa mtaani likae kwake, unaleta kimoja unachukua kimoja. Aprili 13 pia nasubiri kwa hamu, siku ya kutolewa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, siku hizi imeingiza na hadithi za watoto, na Taasisi ya Elimu wanaoiandaa nawaomba sana zile zinazoshinda zifike madukani tununue.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Magazeti yetu ya Kiswahili yamewapa watu wazima hadithi za mfululizo miaka nenda rudi, watu wananunua gazeti kwa ajili ya hiyo tu. Wape na watoto wa miaka tisa mpaka kumi na mbili nusu ukurasa kila Jumapili, iwe hadithi ndefu, inayokatwa mahali patamu, na isiwe na maswali mwishoni. Kama kupata waandishi ni shida anzeni na za wasomaji, zile za Matombo zikiwa tayari nitawaletea mwenyewe ofisini, na michoro yake.

Mama wa watoto watatu,
Morogoro