Kuhusu zile video zako za wanyama

Mwangaluka Maduhu,

Vipi kaka, za Kirumba, mama hajambo? Video zako nimeziangalia zote, zingine nimezirudia na watoto wa dada hapa Igoma, na kwa vile ulisema nikwambie ukweli bila kukuonea aibu basi ngoja niseme, maana hii kazi naipenda sana na nataka ifike mbali.

Ile ya pimbi wa kisiwa cha Saanane ndo namba moja. Kajilaza juu ya jiwe asubuhi anaota jua, anajitambulisha kwa sauti nzito kama mjomba kwenye kikao cha harusi, "mimi ni ndugu yake tembo bwana", watoto wakacheka weee, alafu palepale unatuonyesha yale meno yake ya juu ambayo hayaachi kukua kama pembe za tembo, na nyayo zenye unyevunyevu zinazomshika kwenye mwamba asiteleze. Kichekesho na somo vimekuwa kitu kimoja. Mdogo wao saivi akiona pimbi anamwamkia shikamoo ndugu wa tembo, hatasahau huyo.

Sasa ya kiboko. Hapa sijacheka kaka. Anafungua mdomo wote ule we unamwekea sauti ya mtu mwenye usingizi, "jamani nimechoka nataka kulala", lakini kiboko akiachama vile mara nyingi anakuonyesha meno, anakwambia toka hapa. Na mtumbwi wenu uko karibu sana, naona kabisa maji yanavyochezacheza. Wewe unawajua wavuvi wetu, unajua watu wanavyoumizwa na kufa kwenye hili ziwa letu la Victoria kwa ajili ya viboko, mtoto wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akiona ile klipu atajua yule ni babu amesinzia tu. Naomba uitoe. Sio kwamba kiboko hana vichekesho, anavyo tele, anapokunya anazungusha mkia kama feni mavi yanaruka huku na huku, na ndo anaweka alama ya eneo lake hivyo, watoto watakufa kwa kicheko hapo. Alafu uwaambie usiku anatoka majini kwenda kula nyasi, kwaiyo ukikuta njia yake usisimame kati yake na maji. Piga kwa mbali, kutoka nchi kavu.

Ya kamongo imeniuma kwa sababu nyingine, ulikuwa na dhahabu ukaifukia. Dakika nzima kilio, masauti ya katuni, muziki juu, alafu jambo lenyewe umelitupa kwenye maandishi mwishoni yanapita mbio hata mtu mzima hawezi kusoma. Samaki ambaye ukimzuia kuja juu kuvuta hewa anakufa maji! Samaki! Hiyo peke yake inachekesha, anzia hapo, mfanye anapanda juu kila mara anahema huku sato wanamshangaa, "we mwenzetu vipi?", alafu ndo useme ana mapafu, na kwamba kinamasi kikikauka anaweza kujichimbia kwenye tope akasubiri maji yarudi. Hayo masauti punguza, wala hayahitajiki.

Mjusi mwenye kichwa chekundu yuko sawa, ila sema anavyopiga zile pushapu anawatambia madume wenzake na kutafuta jike, usiache watu wadhani anafanya mazoezi tu. Na upepo wa ziwa unakula maneno yako, funga kitambaa kinene kwenye maiki.

Kitu kingine nimekiwaza, yale makorongo makubwa yenye vipara yanayozurura jalalani mbona hujayagusa? Miguu ile inaonekana myeupe kwa sababu yanajinyea yenyewe ili kupooza joto. Kila mtu wa Mwanza anayaona kila siku na wengi hawalijui hilo, hapo una video safi kabisa na huhitaji hata kulipa boti.

Jumamosi nitashuka mjini mapema. Kama utapata mtu wa kutuwekea kamongo hai kwenye beseni pale mwaloni niambie, nitakuandikia maneno yake kabla sijaja, sato nitaigiza mimi, na hawa watoto wa dada nitakuja nao uone wenyewe wanacheka wapi na wapi wananyamaza. Msalimie sana mama.

Ni mimi dada yako,
Ester