Salamu za Shukrani kutoka Kiwira, Rungwe

Familia yetu ya Kiwira, wilayani Rungwe, inatoa shukrani za dhati kwa wote waliotushika mkono wakati wa kumuuguza na hatimaye kumzika binti yetu, aliyefariki dunia akiwa na umri wa miaka 14 kwa maradhi ya moyo. Jina lake hatuliandiki hapa. Waliobeba jeneza lake wanalijua. Ugonjwa wake tunauandika, kwa kuwa yeye mwenyewe, wiki tatu kabla ya kututoka, alimwambia bibi yake kwamba amechoka kufichwa. Alizaliwa na virusi vya UKIMWI, na alianza kutumia ARV, dawa za kufubaza virusi hivyo, akiwa na miaka sita.

Tunawashukuru majirani, wachungaji na waumini, akina mama waliolala nasi mkekani siku zote za msiba, na walimu wake. Kwa namna ya pekee tunawashukuru wanafunzi wenzake, ambao muhula mzima walimbebea begi kwenye kile kilima cha kwenda shuleni, wakasimama kila aliposimama kuvuta pumzi, bila kumuuliza neno.

Sisi wakubwa tulichelewa kuelewa. Huku kwetu kuna mvua na baridi, na mtoto akikohoa kila mtu husema ni kifua. Katika kituo kimoja cha afya alitibiwa nimonia mara mbili, kisha pumu. Usiku alikuwa akilala ameketi, ameegemea mablanketi yaliyokunjwa, kwa kuwa akijinyoosha pumzi ilimkata. Asubuhi moja viatu vya shule vilikataa kuingia. Bibi yake akambonyeza mguu kwa kidole, na shimo likabaki pale pale.

Tunamshukuru daktari wa Mbeya aliyempima moyo kwa eko, kipimo cha mawimbi ya sauti, kisha akauchora nyuma ya bahasha ili bibi aone jinsi ulivyotanuka na kushindwa kusukuma damu. Alitueleza kwamba virusi vinapokaa mwilini miaka mingi bila dawa vinaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na kwamba kifua kikuu nacho huweza kujaza maji kwenye mfuko unaouzunguka moyo, ingawa kwake hakikuonekana. Dawa za kupunguza maji mwilini zilimpa nafuu, akaweza tena kulala chali kwa muda, na kwa usingizi ule peke yake tunashukuru sana.

Msibani yalisemwa maneno kwamba ARV ndizo zilizomuua. Tunaomba yakome. Dawa hizo zilimpa miaka minane ya kusoma, kucheza rede na kuimba kwaya, na watoto wanaozianza mapema hupatwa na udhaifu wa moyo kwa uchache kuliko wanaochelewa. Mzazi au mlezi ambaye mtoto wake anatumia dawa vizuri lakini anahema akipanda kilima, anavimba miguu au hawezi kulala chali, amweleze mhudumu wa CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, waziwazi na aombe moyo wake upimwe.

Michango mliyoitoa ili apelekwe Dar es Salaam haikuwahi kutumika kwa safari hiyo. Baada ya gharama za mazishi zilibaki shilingi 385,000, na kikao cha ukoo kimezikabidhi kwa wazazi wenzetu wa kliniki, ziwe nauli ya watoto wanaokwenda Mbeya kupimwa moyo. Wawili wamekwishakwenda.

Ndaga fijo, asanteni sana.