Usifunge tepu bado

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Mimi ni mzima. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale ulipoeleza jinsi injini mpya ilivyoitikia ulipogeuza ufunguo mara ya tatu, nilifurahi kana kwamba gari ni langu. Najua umeihangaikia kwa muda gani. Hongera sana.

Ila maneno yako ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu usiku huu. Unasema nyaya zimezagaa kila upande, zinakuchukiza ukifungua boneti, na Jumamosi utazikusanya fungu moja, uzizungushie tepu na kuzipitisha nyuma ya injini zisionekane. Nakusihi, usifunge bado.

Mimi nilifunga. Ulikuwa mkono mmoja mweusi, umenyooka, kila aliyeuona aliusifu. Wiki ya pili gari likaanza kuzima likishapata moto. Ukilipumzisha nusu saa, linawaka kama halina tatizo. Nikabadilisha pampu ya mafuta, nikabadilisha sensa ya krenkishafti (inayoiambia kompyuta ya gari jinsi injini inavyozunguka), lakini ugonjwa ulikuwa palepale. Mwisho nikachukua wembe na kuichana ile kazi yangu yote. Waya wa sensa ulikuwa umeegemea kipande cha chuma kilicho karibu na ekzosi. Plastiki yake ilikuwa imelainika na kuliwa mpaka shaba ikachungulia, na kila injini ikipata joto ilikuwa inagusa chuma. Tepu ndiyo iliyonifichia kosa hilo siku zote zile.

Kwa hiyo anza na eathi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Hapo ndipo injini za kubadilishwa zinapoumiza watu, kwa sababu injini hushushwa na kuuzwa bila ule mkanda wa shaba uliosukwa unaoiunganisha na bodi. Injini imekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Stata ikivuta ampea mia na zaidi, umeme huo lazima urudi kwenye betri, na usipopewa njia utajitafutia: utapita kwenye kebo ya eksileta au kebo ya gia mpaka ichemke. Kwangu mimi, kebo ya eksileta inayokwamakwama baada ya kubadilisha injini ni swali la eathi kwanza, hata kabla ya kutafuta grisi.

Kupima ni rahisi. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta injini isiwake, weka malitimita (kipimo cha umeme) kwenye volti, mguu mmoja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe (usiuweke kwenye kibanio cha kebo), mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, njia ya kurudi ni mbovu. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga mkanda mnene, kaza, ndipo upake grisi juu kuzuia kutu.

Halafu zitambue nyaya, moja baada ya nyingine. Chomoa betri, bandika kila waya kipande cha karatasi chenye namba, na uandike daftarini unatoka wapi na unakwenda wapi. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo kazi yenyewe. Usiukate waya kwa sababu tu unaonekana hauna mwenyewe. Kwenye altaneta nyingi, ule waya mwembamba wa taa ya chaji ndio unaoiamsha; ukiukata, taa haitawaka dashibodini na altaneta haitachaji. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, husoma kama volti 12.6, injini ikiwaka unatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.5. Pima kabla na baada ya kuondoa waya wowote. Ule ambao una hakika haufanyi kazi, ufuate mpaka kwenye soketi yake na uutoe mzima. Wa mashaka uufunike ncha yake peke yake na kuuacha na namba yake.

Sasa njia za kupitishia. Usichanganye wakubwa na wadogo. Kebo za stata na altaneta zipite upande mmoja, nyaya za sensa upande mwingine, na zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba, zisilale pamoja. Nyaya mbili ulizozikuta zimesokotana, ziache zimesokotana. Ile yenye wavu wa chuma ndani, wavu wake uungwe eathi upande mmoja tu, wa kompyuta ya injini. Plastiki ya waya wa kawaida wa gari huvumilia nyuzi 80 hadi 105 hivi za Selsiasi, na manifoldi ya ekzosi, pale moshi unapotokea injini, hupata joto kubwa kuliko hilo mara kadhaa, basi ziweke mbali, na pasipo nafasi zivishe soksi ya kukinga joto. Kumbuka pia kwamba injini hucheza na bodi haichezi. Waya unaotoka huku kwenda kule uache na ulegevu kidogo, usikazwe kama kamba ya kuanikia nguo. Na kila tundu la bati liwe na raba yake, kwa sababu ukingo wa bati ni msumeno unaokata polepole.

Maungio mimi hubana kwa koleo lake na kuvisha mrija wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Kuunga kwa risasi ya kuyeyusha sipendi chini ya boneti: waya hukakamaa pale risasi inapoishia, na mtikisiko huuvunja papo hapo. Najua mafundi wengi watabisha. Kama una nyaya kadhaa za kuunga, usiweke maungio yote mahali pamoja. Yapishanishe, fungu lisivimbe.

Ile kebo uliyoitoa betri kwenda kwenye boksi jipya la fyuzi, iwekee fyuzi karibu kabisa na betri. Kipande chote kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi, na fyuzi ipo kwa ajili ya kuulinda waya. Hili usiliahirishe hata siku moja.

Baada ya hapo, shikilia kila kitu kwa mikanda ya plastiki ya kukatwa, na uliendeshe gari hivyohivyo wiki mbili. Liendeshe jua kali, liendeshe kwenye mvua, washa taa zote na feni kwa pamoja. Kila jioni fungua boneti uzipapase nyaya kwa mkono: upi una joto, upi umesugua. Zikinyamaza, ndipo ufunge, na kwa tepu ya kitambaa. Ile ya plastiki ya kawaida hutoka gundi kwenye joto na kuacha uchafu unaonata.

Jumamosi nitakuja na malitimita yangu, tuanze na eathi. Daftari nunua wewe. Tepu iache ndani ya boksi lake mpaka nifike.

Wako akupendaye,
Swahiba